Mimi, Yaani Yeye

Mkutano ulikuwa saa nne. Saa mbili nilishafika Kitangari,
nikalizunguka ghala mara tatu, vidole vikikariri
maneno ya usiku kucha: kilo, bei, daraja, makato.
Viganja vililowa. Nikavifuta kwenye sketi,
vikalowa tena,
kana kwamba mwili mzima umeamua kutokea mikononi.

Nina cheti. Nilikibeba ndani ya bahasha, ndani ya mkoba,
endapo mtu atauliza.
Hakuna aliyeuliza. Katibu alinitazama, akasema tu,
"Wewe ndiye wa yule bubu?"
Nilitaka kusema: anaitwa Bi Ajira Chinguile, na ni kiziwi.
Nilisema: "Ndiyo."

Yeye alikuwa ameshakaa, mgongo dirishani,
ili mwanga unipige mimi usoni.
Vidole vyake vina makovu ya utomvu wa korosho,
na kanga yake, pindoni, bado ina unjano wa salfa.

Mwenyekiti akaanza, akatimua mbio.
Alisema kama mtu anayemwaga gunia,
na mimi huku chini nakinga kwa kikombe.
Bei nikaidaka. Daraja la kwanza nikalidaka.
Kwenye makato nikafyeka hewa, kama anayekata kuni.

Bi Ajira akainua mkono: ngoja.
Hakucheka. Akakunjua kiganja cha kushoto,
na vidole viwili vya kulia vikaja, kwa adabu zote za mwizi,
vikanyofoa noti isiyoonekana.
Vikarudi. Vikanyofoa nyingine.
Hayo ndiyo makato.
Nikarudia. Akakubali kwa nyusi.

Halafu akasimama, na zamu ya sauti ikawa yangu.

Hapa niseme ukweli. Mimi ni wa dawati la nyuma.
Nikiagiza chai wakaleta uji, nakunywa uji.
Msibani kwetu, nilipoitwa kusoma wasifu wa babu,
karatasi ilisomwa na binamu.

Lakini mwalimu wetu pale Mtwara alitukataza neno moja:
usiseme "anasema kwamba." Sema "mimi."
Mwenye neno ndiye mwenye nafsi; wewe ni koo tu.

Basi koo likafunguka:
"Mimi nilileta kilo mia nne na kumi na mbili.
Mimi nimelipwa mia tatu na themanini.
Hizo thelathini na mbili, mizani yenu imezila mbichi
au imezibangua kwanza?"

Ghala kimya. Mwenyekiti akanikazia macho:
"Binti, shamba lako liko wapi?"

Nikampelekea Bi Ajira swali hilo lilivyo,
pamoja na dharau yake, sikupunguza.
Jibu likaja likigonga kifua, nami nikalitoa:
"Nitazame mimi. Huyo anayeongea usimtazame."
Nilijisema mwenyewe, kwa kinywa changu,
na sauti haikutetemeka.
Shingo ya mwenyekiti ikageuka, kama mlango wenye kutu.

Daftari likafunguliwa upya. Sisemi yaliisha vizuri.
Walisema watachunguza, na kuchunguza kwa chama
kunaweza kukuta mikorosho imetoa maua mengine.
Nami nilikosea tena mara mbili: kwenye riba,
na kwenye jina la kijiji chao wenyewe.

Nje, kwenye vumbi jekundu, Bi Ajira akanipa jina.
Si la herufi. Viganja viwili vinajifuta nyongani,
haraka, juu na chini: ndiye mimi.
Kumbe alikuwa akiniona tangu saa mbili.

Jioni, mgahawani Newala, wakaniletea uji.
"Mimi," nikasema, kisha nikangoja kidogo
nione ni nani anayezungumza,
"niliagiza chai."